Picha Zenye Chenga Zilizoifichua Ribosomu

Mwaka 2009 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Ada Yonath, Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz, ambao kila mmoja kwa njia yake aliichora ribosomu, mtambo mdogo wa seli unaojenga protini, hadi kuzifikia atomu zake kwa kutumia fuwele na miale ya eksirei. Miaka minane baadaye, yaani 2017, tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson kwa kazi ya kuziona molekuli za viumbe hai kwa hadubini ya elektroni, na Frank alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti akiitazama ribosomu. Hapo linajitokeza swali la haki kabisa: ikiwa fuwele zilikuwa zimekwisha kutuonyesha mahali pa atomu tangu mwaka 2000, hadubini ilikuwa inatafuta nini tena?

Jibu langu ni kwamba fuwele zilituonyesha ribosomu iliyotulizwa, tena ya viumbe vichache vilivyokubali kutafitiwa kwa njia hiyo, ilhali hadubini ilijifunza kuipokea ribosomu jinsi ilivyo: ikiwa kazini, ikiwa katika mchanganyiko wa hali nyingi, na ikiwa imepatikana kwa kiasi kidogo sana kutoka katika kiumbe kigumu kukuza. Tofauti hiyo huonekana ya kiufundi tu mpaka mtu akumbuke ni viumbe gani vilivyo vigumu kukuza. Kimelea cha malaria kimo, na vimelea vya malale na vya kala-azar vimo pia. Ndiyo maana naamini mjadala kuhusu mbinu hii unatuhusu watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja, na haufai kuachiwa maabara za Cambridge na Heidelberg peke yao.

Tuanze na kitu chenyewe. Ribosomu husoma maandishi ya RNA mjumbe, nakala ya maelekezo ya jeni, herufi tatu kwa mara moja, na kwa kila herufi tatu huunganisha asidi amino moja kwenye mnyororo unaorefuka ambao mwishowe huwa protini. Ina vipande viwili: kipande kidogo husoma, kipande kikubwa huunganisha. Ribosomu ya bakteria ina uzito wa takribani daltoni milioni 2.5 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu ya haidrojeni), na theluthi mbili hivi za uzito huo ni RNA, si protini. Ya binadamu ni kubwa zaidi, ikiwa na protini 80 na minyororo minne ya RNA. Seli ikikosa ribosomu haiwezi kujenga wala kujikarabati, na kwa sababu hiyo vijidudu vingi vilivyomo udongoni vimekuwa vikitengeneza sumu za kuzizuia ribosomu za majirani zao tangu kale. Sumu hizo tumezigeuza kuwa dawa. Mtu akiingia duka la dawa mjini Mwanza au Mombasa na kuitazama rafu ya antibiotiki, atakuta doksisaiklini, azithromaisini, erithromaisini na klindamaisini; hospitalini atakuta jentamaisini ya sindano; na kliniki za kifua kikuu sugu zinatumia linezolidi. Zote hizo hujipachika kwenye ribosomu ya bakteria na kuikwamisha. Zinatuacha sisi salama kwa sababu ribosomu zetu zinatofautiana na zao mahali padogo sana, na katika kundi la jentamaisini sehemu kubwa ya kinga yetu inategemea herufi moja tu ya RNA katika kipande kidogo. Anayetaka kuitumia tofauti ya namna hiyo lazima kwanza aione.

Kuiona hakuwezekani kwa mwanga wa kawaida. Mawimbi ya mwanga unaoonekana yana urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi ya nanomita 200 hivi. Ribosomu ya bakteria ina upana wa nanomita 20 hadi 25. Ernst Ruska na Max Knoll walipojenga hadubini ya kwanza ya elektroni mjini Berlin mwaka 1931, walitumia sumaku badala ya lenzi za kioo ili kuelekeza mkondo wa elektroni ndani ya ombwe. Elektroni zinazosukumwa kwa volti 300,000, kama ilivyo katika mitambo ya leo, zina urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 0.002, kwa hiyo kikwazo cha mwanga kilikuwa kimeondoka. Vikwazo vilivyobaki vilikuwa vya sampuli yenyewe, nayo seli ina maji, ni laini na huungua haraka.

George Palade, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alivikabili vikwazo hivyo kwa kuimarisha tishu kwa kemikali ya osmiamu na kuzikata vipande vyembamba mno. Mwaka 1955 alieleza kwamba katika seli za aina nyingi alikuwa ameona vidoa vidogo vyeusi, vingine vikiwa vimejipanga juu ya utando na vingine vikielea ndani ya seli. Ilikuwa rahisi kusema vidoa hivyo ni taka zilizozaliwa na kemikali. Palade na Philip Siekevitz wakaenda hatua zaidi: walivitenga vipande vya seli kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, wakavipima na kukuta kwamba palipo na vidoa pana RNA nyingi. Katika miaka hiyohiyo kundi la Paul Zamecnik mjini Boston lilionyesha kwamba asidi amino zilizotiwa alama ya mionzi hujikusanya kwanza kwenye chembechembe hizo kabla ya kutokea kama protini. Jina la ribosomu lilipendekezwa mwaka 1958. Naitaja historia hii kwa sababu inaonyesha tabia ambayo haikubadilika kwa miaka sabini iliyofuata, kwamba picha ya hadubini peke yake haikuwahi kutosha, na waliofanikiwa walikuwa wale walioilazimisha picha kukubaliana na ushahidi uliotoka kwingine.

Mfano mzuri ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jonathan Warner na Alexander Rich walipotazama seli changa za damu nyekundu zinazotengeneza himoglobini kwa wingi. Hesabu za kikemia zilikuwa zimewaashiria kwamba RNA mjumbe mmoja husomwa na ribosomu kadhaa kwa wakati mmoja. Kwenye hadubini walikuta ribosomu zimekaa katika vikundi, na vikundi vingi vilikuwa na ribosomu tano zilizofuatana kwenye uzi mwembamba.

Hata hivyo picha hizo zote zilikuwa bapa. Hatua ya kuelekea umbo kamili ilipigwa mwaka 1968 na David DeRosier na Aaron Klug, na kwa msomaji wa Afrika inafaa kujua kwamba Klug alikulia Durban na kusoma Johannesburg na Cape Town kabla ya kwenda Cambridge, ambako kazi yake ilimletea Nobel mwaka 1982. Elektroni hupenya sampuli, hivyo kila picha ni kama kivuli chenye kina. Mtu akiuning'iniza mtungi mbele ya taa na kuugeuza taratibu, kivuli kimoja hakitamwambia kama una mkono au mdomo mpana, lakini vivuli vya kutosha vya pembe mbalimbali vitamwezesha kuuchora mtungi wote bila kuugusa. DeRosier na Klug waliandika hesabu ya kazi hiyo na kuijaribu kwenye mkia wa kirusi kinachoshambulia bakteria. Mkia huo uliwarahisishia kazi kwa sababu una mpangilio unaojirudia. Ribosomu haina ulinganifu wala marudio yoyote; ina kichwa, shingo, mabega na vichomozi vilivyokaa ovyo. Katika miaka ya 1970 James Lake na watafiti wengine walizipaka ribosomu chumvi za urani ili zionekane, wakachonga mifano ya maumbo yake, na mifano ya maabara tofauti haikukubaliana. Sehemu ya tatizo ilikuwa kwamba ribosomu iliyopakwa chumvi na kukaushwa hubonyea.

Wakati huo ndipo fuwele zilipoanza kuonekana kuwa njia pekee ya maana. Yonath alianza mwaka 1980 na ribosomu za bakteria anayeishi katika joto kali, na baadaye akageukia kijidudu cha Bahari ya Chumvi, kwa hoja kwamba viumbe wa mazingira magumu wana ribosomu imara. Ilichukua miaka ishirini. Mwaka 2000 kundi la Steitz na Peter Moore katika Chuo Kikuu cha Yale lilitoa ramani ya kipande kikubwa kwa ukali wa nanomita 0.24 (namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi), na mwaka huohuo makundi ya Ramakrishnan na Yonath yakatoa kipande kidogo. Ramani ya Yale ilithibitisha jambo la kustaajabisha: mahali asidi amino zinapounganishwa hapana protini karibu, pamejaa RNA, maana yake RNA yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya kimeng'enya. Nasisitiza haya ili nisieleweke vibaya. Ushindi wa fuwele ulikuwa wa kweli na mkubwa. Lakini haukupatikana pasipo hadubini, kwa kuwa kundi la Yale, katika ramani yake ya awali ya mwaka 1998, lilitumia umbo la ribosomu lililopatikana katika maabara ya Frank kama dira ya kutafsiri miale ya eksirei. Picha yenye ukungu ndiyo iliyoifungulia mlango picha kali.

Wakati Yonath akihangaika na fuwele, Dubochet alikuwa Heidelberg akihangaika na maji. Ndani ya ombwe maji huvukia na sampuli husinyaa. Yakigandishwa kwa kawaida, fuwele za barafu huivuruga sampuli na kutawanya elektroni. Dubochet na wenzake waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba maji yakipoozwa kwa kasi ya kutosha hayapati nafasi ya kujipanga katika fuwele, yanabaki kama kioo. Namna kazi hiyo inavyofanyika mpaka leo inastahili kutazamwa kwa karibu. Tone la takribani maikrolita 3 huwekwa kwenye wavu wa metali wenye upana wa milimita 3, ambao juu yake kuna utando wa kaboni wenye matundu madogo. Karatasi ya kufyonza hubanwa juu ya wavu kwa sekunde chache ili ibaki filamu nyembamba tu ya maji ndani ya matundu, unene wa makumi ya nanomita. Kisha wavu huporomoshwa ndani ya ethani ya kimiminika iliyopoozwa kwa nitrojeni. Nitrojeni yenyewe haifai, kwa sababu inapokutana na kitu chenye joto huchemka na kukizungushia gesi inayozuia baridi isipenye. Karatasi ikibanwa kwa muda mrefu kidogo matundu hukauka. Ikibanwa kwa muda mfupi barafu huwa nene na haionyeshi kilichomo ndani. Hewa ya chumba ikiwa na unyevu, barafu chafu huuvamia wavu wakati wa kuuhamisha. Siku nzima ya kazi huweza kuzaa wavu mmoja unaofaa. Mafunzo ya vitabuni hayamfundishi mtu jambo hili. Hufundishwa na mkono uliokwisha kuharibu nyavu nyingi.

Ribosomu ikiwa ndani ya barafu ya kioo haina rangi ya kuisaidia, na elektroni nyingi huiunguza. Mpiga picha hulazimika kutumia dozi ndogo, na matokeo yake ni picha zenye chenga kiasi kwamba mtu asiye na uzoefu haoni chochote ila madoa hafifu. Hapo ndipo akili ya Frank ilipofanya kazi. Tangu mwaka 1975, akiwa Albany katika jimbo la New York, alishikilia kwamba molekuli moja isiyosomeka inaweza kusomeka ikipigwa wastani na maelfu ya wenzake wanaofanana nayo, mradi kompyuta iweze kutambua kila moja imeelekea wapi. Pamoja na Marin van Heel alionyesha mwaka 1981 jinsi ya kuzigawa picha hizo katika makundi kwa takwimu; pamoja na Michael Radermacher alibuni njia ya kupata umbo la kwanza kwa kuuinamisha wavu. Kufikia 1995 kundi lake lilikuwa na ramani ya ribosomu nzima kwa ukali wa nanomita 2.5. Wapo walioikejeli mbinu hiyo wakisema inatoa maumbo kama matope tu, na kwa kipimo cha ukali walikuwa sahihi.

Lakini kipimo cha ukali kilikuwa kipimo pungufu. Ili fuwele ijengeke, mabilioni ya ribosomu lazima yasimame katika mkao uleule, na mkao wowote mwingine huhesabika kuwa kasoro. Katika barafu ya kioo kila ribosomu hukutwa na baridi katika hatua iliyokuwa nayo, na kuzitenganisha hatua hizo kunaachiwa kompyuta. Mwaka 2000, mwaka uleule wa ushindi wa fuwele, Frank na Rajendra Agrawal walilinganisha ribosomu zenye kichochezi cha kuzisogeza na zisizo nacho, wakaonyesha kwamba kipande kidogo hujizungusha juu ya kikubwa kwa nyuzi chache, na kwamba mzunguko huo unahusika na kusukuma RNA herufi tatu mbele. Mwaka 2010 kundi la Holger Stark mjini Göttingen lilikusanya picha za ribosomu zipatazo milioni 2 na kuufuata mwendo huo hatua kwa hatua. Ilidhihirika kwamba ribosomu hutumia msukosuko wa joto la kawaida kujisogeza, ikienda mbele na nyuma, na vichochezi vyake huizuia tu isirudi nyuma. Nadhani huu ndio ugunduzi mkubwa zaidi ambao hadubini ilitupa kuhusu ribosomu, mkubwa kuliko ramani yoyote ya atomu, kwa sababu dawa nyingi hufanya kazi kwa kukwamisha mwendo, na mtu hawezi kuelewa mkwamo akiwa hajui mwendo.

Ukali nao ulifika. Kwa miongo mingi elektroni zilinaswa kwenye filamu, au kwenye kamera zilizozigeuza kwanza kuwa mwanga, na taarifa nyingi zilipotea njiani. Miaka ya 2012 na 2013 zilienea kamera zinazonasa elektroni moja kwa moja, tena kwa kasi ya kupiga mfululizo wa fremu badala ya picha moja, hivyo programu ikaweza kurekebisha mtikisiko unaosababishwa na mkondo wenyewe wa elektroni. Mwaka 2013 kundi la Sjors Scheres mjini Cambridge lilifikia karibu na kiwango cha atomu kwa kutumia chembe takribani 30,000 za ribosomu. Mwaka uliofuata ilitoka ramani ya kipande kikubwa cha ribosomu ya mitokondria ya hamira kwa nanomita 0.32, na punde zikafuata za mitokondria ya binadamu. Ribosomu za mitokondria zilikuwa zimekataa kuwa fuwele. Umuhimu wake kwa mgonjwa ni mkubwa: mitokondria zetu zimetokana na bakteria wa kale, ribosomu zao zinafanana na za bakteria, na kwa hiyo linezolidi inayotolewa kwa miezi kadhaa huweza kuathiri uboho na mishipa ya fahamu, na jentamaisini huweza kuua usikivu wa masikio, hasa kwa watu wenye badiliko fulani la kurithi katika RNA ya ribosomu hiyo.

Mbinu inayotegemea wastani ina hatari yake, na wanaoipigia debe hawana budi kuitaja. Mtu akichukua picha elfu moja za chenga tupu, zisizo na kitu chochote, akaiagiza kompyuta izipange kila moja kwa kuilinganisha na sura ya Einstein, kisha akapiga wastani, sura ya Einstein itatokea. Kompyuta imechagua katika kila picha zile chenga zinazofanana na ilichoambiwa kutafuta. Henderson aliuchapisha mfano huo kama onyo mwaka 2013, wakati ambapo ramani ya protini moja ya kirusi cha UKIMWI ilikuwa ikibishaniwa vikali. Tangu hapo imekuwa desturi kugawa data nusu mbili, kila nusu ijengwe umbo peke yake, na ukali uhesabiwe kwa jinsi maumbo hayo mawili yanavyokubaliana. Ribosomu ilisaidia sana katika nidhamu hii: ni kubwa, inapatikana kwa wingi, RNA yake hutawanya elektroni vizuri kuliko protini, na umbo lake lilikuwa limethibitishwa na fuwele, kwa hiyo programu iliyodanganya iligundulika mapema. Anayesoma matokeo mapya kuhusu molekuli ndogo isiyo na ramani ya fuwele ya kulinganisha anapaswa kudai ushahidi huo kwa ukali zaidi.

Sasa nifike kwenye malaria. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne na Cambridge, Wilson Wong, Jake Baum, Scheres na wenzao, walitoa ramani ya ribosomu ya Plasmodium falciparum iliyoshikana na dawa iitwayo emetini, kwa ukali wa nanomita 0.32. Kwa maelezo yao ilikuwa mara ya kwanza hadubini ya elektroni kuonyesha antibiotiki ikiwa imeshikana na ribosomu yoyote kwa kiwango cha atomu. Kimelea hiki hukuzwa ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu, na kukusanya ribosomu zake kwa wingi na usafi unaotakiwa na fuwele ni kazi ngumu sana. Hadubini iliridhika na picha za chembe 105,247 za ribosomu. Emetini ilionekana imejibana katika kipande kidogo, mahali RNA inapopita ikitoka, na hivyo kuuzuia mwendo. Ramani hiyohiyo ilifichua pia ugumu wa kazi inayofuata, kwani kuta za mahali hapo hazitofautiani sana na zetu, na emetini, dawa ya zamani ya kuhara damu kwa amiba, inajulikana kwa kuudhuru moyo. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya malaria duniani hutokea Afrika, na dalili za usugu dhidi ya artemisinini, msingi wa dawa kuu za malaria, zimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Tafiti za kutafuta mahali pengine pa kuikwamisha ribosomu ya kimelea, mahali ambapo yetu ina umbo tofauti, ni kazi ya haraka kwetu kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Hali ni hiyohiyo kwa vimelea vya jamii ya malale. Ribosomu ya Trypanosoma brucei, iliyochorwa katika maabara ya Frank mwaka 2013, ina vichomozi vikubwa vya RNA visivyokuwepo kwetu, na RNA ya kipande chake kikubwa imekatika vipande sita badala ya kuwa mnyororo mrefu. Ya Leishmania, kimelea cha kala-azar, ilifuata, na mwaka 2017 ikachapishwa ramani ikiwa na paromomaisini ndani yake. Wagonjwa wa kala-azar wa Baringo, Pokot Magharibi na Karamoja wanaijua dawa hiyo kwa maumivu ya sindano, maana tiba iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa Afrika Mashariki tangu 2010 iliichanganya na dawa ya antimoni kwa siku 17. Ramani inaonyesha herufi zipi za RNA ya kimelea zinaikaribisha dawa hiyo na zipi za binadamu zinaikataa. Ni kweli paromomaisini iligunduliwa miongo kadhaa kabla ya ramani hiyo, na haitakuwa uaminifu kudai kwamba hadubini imekwisha kutupa dawa mpya ya malaria au kala-azar kutokana na ribosomu. Ilichotupa ni uwezo wa kuacha kubahatisha: mkemia akibadilisha tawi moja la molekuli anaweza kuona, badala ya kukisia, kama tawi hilo limegusa lilipokusudiwa.

Mwelekeo wa sasa unaifuata ribosomu mpaka ndani ya seli. Mwaka 2022 kundi la Julia Mahamid mjini Heidelberg lilizigandisha seli nzima za Mycoplasma pneumoniae, bakteria mdogo anayesababisha ugonjwa wa mapafu, likazipiga picha kwa pembe nyingi, na likaziona ribosomu zikiwa katika hatua mbalimbali za kazi bila kuzitoa nje. Walipoongeza kloramfenikoli, ribosomu zilirundikana katika hatua inayozuiwa na dawa hiyo. Kwa miaka mingi tulipima dawa kwa kuuliza kama bakteria amekufa. Sasa inawezekana kuuliza amekwama hatua gani.

Swali la sera linalobaki ni la nani ataifanya kazi hii kwa magonjwa yetu. Hadubini za daraja la juu zinagharimu mamilioni ya dola, zinahitaji umeme usioyumba, chumba kisichotikisika, nitrojeni ya kimiminika kila siku na fundi aliyebobea. Ninapinga wazo la nchi moja moja kukimbilia kununua mtambo wa namna hiyo kabla ya kuwa na watu wa kuulisha sampuli na kuzisoma picha zake, kwa sababu mtambo ghali usio na watu huishia kufunikwa turubai. Historia niliyoieleza inaonyesha njia nyingine. Mchango mkubwa wa Frank ulikuwa hesabu na programu, na kwa miaka mingi aliufanya kwa picha ambazo leo tungeziita mbovu. Tayari kuna Kituo cha Aaron Klug katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na mradi uitwao START umewaunganisha watafiti wa Afrika na mitambo ya kituo cha utafiti cha Diamond nchini Uingereza. Vyuo vyetu vinaweza kudai nafasi katika mipango ya aina hiyo kwa sampuli zilizoandaliwa nyumbani. Watu wa Ifakara, Kilifi na Makerere wana uzoefu wa vimelea na wagonjwa ambao maabara nyingi za Ulaya hazina. Wakiongezewa wavu, ethani na mkono uliozoea, sampuli zitaondoka hapa zikiwa tayari.

Upande wa picha hausubiri hata hivyo. Data ya ribosomu ya Plasmodium ya mwaka 2014 imewekwa wazi katika hifadhi ya EMPIAR iliyoko Hinxton, Uingereza, kwa namba 10028, na imekuwa miongoni mwa data zinazotumiwa zaidi duniani kupima programu na kompyuta mpya. Programu ya RELION ya kuichakata hutolewa bure. Ningependa kila shahada ya uzamili ya baiolojia ya molekuli katika ukanda huu iwe na muhula mmoja ambao mwanafunzi anazichukua chembe hizo 105,247, anazigawa katika makundi, anatupa zile mbovu, analinganisha nusu mbili za data, na anaitafuta emetini kwenye ukingo wa kipande kidogo. Kinachohitajika ni kompyuta chache zenye kadi nzuri za michoro, diski za kutosha, na mwalimu mmoja kwa kila chuo aliyepelekwa kujifunza kwa mwaka mzima badala ya warsha ya siku tatu. Wanafunzi watano au sita waliopita mlolongo huo kwa ukamilifu wanatosha kuandika ombi lao la kwanza la muda wa hadubini, na sampuli ya kwanza ningependekeza iwe ya vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa wa Kagera, ambako usugu umekwisha kuonekana.